Kuishi na gari la kifahari la umeme Nairobi: hatua kwa hatua, kuanzia ukutani

Mtu anayenunua gari la kifahari la umeme huulizwa maswali ya barabarani. Litafika Mombasa? Litapanda mlima? Halitazima kwenye msongamano? Nimeendesha BMW iX xDrive50 kwa mwaka mmoja na nusu sasa, kila siku ya kazi kutoka Karen hadi Upper Hill na kurudi, na barabara ndiyo iliyonipa shida ndogo kuliko zote. Shida niliikuta nyumbani, kwenye soketi ya gereji, mita ya tokeni na shawa ya moto. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia ukutani na kuishia barabarani, na ndiyo maana hatua ya pili ni ndefu.

Kwanza vipimo vichache. Betri ya gari hili ina takriban yuniti 105 zinazoweza kutumika, gari lenyewe lina uzito wa karibu tani 2.5, na kipimo cha Ulaya kinaliahidi hadi kilomita 630 kwa chaji moja. Kwa uendeshaji wangu wa Nairobi linatumia wastani wa yuniti 22 kwa kila kilomita 100, yaani kilomita 470 hivi tangu chaji kamili hadi tupu, na hiyo ndiyo hesabu ninayopangia safari zangu. Nasema yuniti kwa sababu ndilo neno linaloandikwa kwenye ujumbe wa tokeni. Yuniti moja ni kilowati-saa moja. Mwenye Mercedes-Benz EQS au Porsche Taycan atabadilisha tarakimu, lakini kazi ya kufanya ni ile ile.

Hatua ya 1: Kagua tundu la chaji, betri na dhamana kabla ya kulipa

Magari haya yanaingia Kenya kwa wakala rasmi au kwa waagizaji wa kujitegemea, na wanaochukua njia ya pili ndio hasa wanaopaswa kufungua macho. Fungua kifuniko cha tundu la chaji ulitazame mwenyewe. Gari lililotoka Uingereza huwa na tundu la CCS2, ambalo sehemu yake ya juu hupokea chaja za kawaida za ukutani na sehemu ya chini, yenye matundu mawili makubwa, hupokea chaja za kasi. Gari lililotengenezewa soko la Japani mara nyingi lina CHAdeMO, na la soko la China lina GB/T. Adapta zinauzwa, lakini adapta ni kitu kimoja zaidi cha kupata joto, kupotea na kusahaulika nyumbani siku unapokihitaji.

Uliza pia betri imetengenezwa kwa kemikali gani. Nyingi za magari ya kifahari ya Ulaya hutumia nikeli, manganizi na kobalti. Baadhi ya magari ya China, yakiwemo ya BYD, hutumia fosfeti ya chuma. Jibu la swali hilo litaamua tabia yako ya kila usiku, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 3.

Dhamana ya betri ya BMW ni miaka 8 au kilomita 160,000, kimojawapo kitakachotangulia, lakini dhamana iliyotolewa nchi nyingine haikufuati hadi Nairobi kwa hiari yake. Taka barua inayosema wazi ni karakana ipi ya hapa nchini itakayoitekeleza. Na ukiwa bado uwanjani kwa muuzaji, weka programu ya gari kwenye simu yako na ulifunge na kulifungua kutoka mbali, kwa kuwa gari lililosajiliwa kwa soko jingine linaweza kukataa huduma hizo, na bila programu utakosa njia rahisi ya kujua chaji imefika wapi ukiwa kitandani. Kuhusu ushuru nitasema moja tu: mwaka 2019 Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10, kwa hiyo muuzaji anayekupigia hesabu kwa kiwango cha magari ya petroli akuonyeshe karatasi.

Hatua ya 2: Tengeneza ukuta kabla gari halijafika

Gari letu lilifika Jumanne, na chaja ya ukutani ikachelewa. Nikasema hakuna neno, gari lina waya wake wa safari wenye plagi ya kawaida ya pini tatu, nitachaji kwenye soketi ya gereji iliyo nyuma ya friza. Ilifanya kazi kwa usiku 8. Usiku wa 9, karibu saa 7, mke wangu aliniamsha akisema ananusa plastiki inayoungua. Nilipofika gerejini soketi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na pini ya plagi ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Fundi alipoifungua asubuhi alikuta waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, uliokusudiwa taa, na skrubu moja iliyolegea. Soketi hiyo ilikuwa imeishi na friza kwa miaka 6 bila malalamiko.

Sababu ni muda. Pasi huvuta umeme mwingi kwa dakika chache, ikapumzika. Gari huvuta ampea 10 kwa saa 8 au 10 mfululizo, bila kupumua, na kila kasoro ndogo kwenye muungano wa waya hupata nafasi ya kutosha kupata moto. Kwa hiyo fuata utaratibu huu, na usiruhusu mtu akuharakishe.

Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli, naye aanze kwa kupima uwezo wa nyumba nzima kabla ya kugusa gereji. Nyumba nyingi za Nairobi zina umeme wa fezi moja. Shawa ya moto peke yake huvuta zaidi ya ampea 20, na chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 huvuta 32. Ongeza meko ya umeme na birika, na swichi kuu itaanguka saa 12 asubuhi mtu akiwa na sabuni machoni. Kwetu ilianguka mara mbili. Dawa yake ni mojawapo ya hizi: kununua chaja inayopima matumizi ya nyumba na kujipunguza yenyewe, kuipangia saa ili imalize kazi kabla nyumba haijaamka, au kuomba Kenya Power ikuletee fezi tatu. Ya mwisho ni ghali na huchukua muda, na kwa mtu anayeendesha kilomita 40 au 50 kwa siku sioni faida yake.

Kisha waya. Kutoka kwenye boksi la swichi hadi kwenye chaja pawe na waya wake pekee, usiogawana na kitu kingine, wa milimita 6 za mraba kwa uchache, na 10 ikiwa gereji iko mbali na boksi. Waya wa erthi upimwe kwa kifaa, usitazamwe tu kwa macho. Chaja nzuri hukataa kuanza kazi erthi ikiwa dhaifu, na mafundi wengine wakishindwa kuitengeneza hukushauri uizime kinga hiyo. Fundi wa namna hiyo mlipe nauli aende zake. Pawe pia na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja. Chaja nyingi za ukutani zina kinga yao ya ndani inayotambua uvujaji wa mkondo mnyoofu (DC) kuanzia miliampea 6. Kama yako haina, swichi ya kawaida ya kinga haitoshi, na fundi atalazimika kuweka ile inayotambua mkondo wa aina hiyo. Mwisho, weka kwenye boksi kuu kizuizi cha umeme unaopanda ghafla. Anayeishi Nairobi anajua umeme ukirudi baada ya kukatika hurudi vipi.

Pima pia mahali pa kuining'iniza chaja. Tundu la iX liko nyuma upande wa kulia, na mimi niliweka chaja ukuta wa mbele kwa sababu palipendeza, na sasa kila jioni naingia kinyumenyume.

Mpangaji wa ghorofa ana kazi ya ziada, nayo ni ya maneno kuliko nyaya. Andikia mwenye nyumba au kamati ya wakazi barua inayotaja mambo matatu: mita ndogo itakayosoma matumizi yako peke yako, jina la fundi mwenye leseni, na nani atabaki na chaja ukihama. Wajirani huogopa mambo mawili, kulipia umeme wako na moto kwenye maegesho ya chini, na barua isiyojibu hofu hizo hulala kwenye faili.

Hatua ya 3: Panga usiku wako na tokeni zako

Gari la petroli hujazwa likikaribia kuisha, na hiyo ni tabia ya kuiacha. Hili lichomeke kila unapolala au kila baada ya usiku mmoja, na kwenye mipangilio yake weka kikomo cha asilimia 80. Betri zenye nikeli huzeeka haraka zikikaa zimejaa, hasa kwenye joto, na asilimia 80 ya gari hili ni zaidi ya kilomita 370, safari ya wiki nzima kwa wengi wetu. Asilimia 100 iweke kwa safari, tena ifike hapo karibu na saa ya kuondoka. Mwenye betri ya fosfeti ya chuma afanye tofauti: alijaze kabisa mara kwa mara kama kitabu chake kinavyoelekeza, kwa kuwa kompyuta ya gari hupata shida kukisia kilichobaki kwenye betri hizo pasipo kufika juu.

Soketi ya kawaida iliyotengenezwa vizuri inatosha kuliko watu wanavyodhani. Kwa ampea 10 utapata karibu yuniti 18 kwa saa 8, na baada ya kutoa zile zinazopotea njiani kama joto, ni kama kilomita 70 za mjini. Chaja ya kilowati 7.4 itakupa zaidi ya kilomita 230 kwa muda huo huo. Tofauti hiyo utaihisi siku uliyorudi kutoka Nakuru saa 4 usiku na unahitajika Machakos asubuhi. Siku nyingine zote hutaihisi.

Sasa fedha. Mimi huenda takriban kilomita 1,100 kwa mwezi. Hizo ni yuniti 242 kutoka kwenye betri, na kama 265 kutoka ukutani. Ukichukulia yuniti moja kuwa shilingi 30 pamoja na kodi na tozo zote, ni shilingi 7,950. Gari la petroli la ukubwa na heshima hiyo, likinywa lita 13 kwa kilomita 100 katika msongamano wetu, litataka lita 143, na kwa shilingi 180 kwa lita ni shilingi 25,740. Weka bei za siku yako urudie hesabu. Wateja wa nyumbani wa Kenya Power hupangwa kwa madaraja ya matumizi, na wanaozidi yuniti 100 kwa mwezi hulipa bei ya juu zaidi, kwa hiyo nyumba iliyokuwa ikitumia kidogo itaona hata umeme wa taa umepanda bei. Mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa yuniti kwa saa za kawaida na shilingi 8 kwa saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Inahitaji mita yake, na inamfaa zaidi mwenye magari kadhaa kuliko mwenye moja.

Jambo dogo lililonifedhehesha: mita ya tokeni haijui kwamba umelala. Zikiisha saa 9 usiku, gari linaacha kuchaji, friji inazima, na taa za nje zinazima, kisha mlinzi anagonga dirisha. Nunua tokeni za gari mwanzoni mwa mwezi, na usichomeke gari kabla ya kusoma mita imebaki na ngapi.

Wenye paneli za jua wana bahati, wakijua mpaka wake. Mfumo wa kilowati 5 kwa jua la Nairobi hutoa kama yuniti 20 kwa siku nzuri, nazo zinatosha kilomita 80 gari likichajiwa mchana wa Jumamosi na Jumapili. Lakini usilichaji usiku kutoka kwenye betri za nyumba. Betri ya nyumba ya yuniti 10 itamwagwa yote ndani ya gari, na kipimo cha gari hakitapanda hata asilimia 10.

Hatua ya 4: Jifunze upya mguu wako, na masikio ya wengine

Kwenye iX weka gia kwenye B, na ukiachia pedali ya mwendo gari litajipunguza lenyewe hadi kusimama, huku mota ikirudisha umeme kwenye betri. Siku mbili za kwanza abiria watatikisa vichwa kama kuku. Ya tatu utakuwa umezoea, na kwenye msongamano wa Mbagathi Way mguu wako wa kulia utafanya kazi zote mbili bila kuhama. Msongamano wenyewe hauliumizi gari hili: likiwa limesimama na kipoza hewa kikifanya kazi linatumia yuniti 1 hivi kwa saa, na hali ya hewa ya Nairobi, isiyo na baridi kali wala joto la pwani, ni rafiki wa betri kuliko miji mingi ambako magari haya yanatengenezwa.

Kwa kuwa breki zenyewe hutumika kidogo, diski hushika kutu msimu wa mvua. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu nyuma yako, zikanyage kwa nguvu mara tatu au nne.

Ukimya ndio hatari. Sauti bandia ya tahadhari kwa waenda kwa miguu hutoka gari likiwa kwenye mwendo mdogo tu, na katika kelele za matatu haisikiki. Watu wetu huvuka barabara kwa sikio. Mama anayevuka na mzigo kichwani hasikii kitu, kwa hiyo hageuki. Boda boda vilevile. Chukulia kwamba hakuna aliyekusikia, na usione aibu kugusa honi kidogo kwenye maegesho.

Nguvu za gari hizi hufika zote kwa mara moja. Kijana anayekuoshea au anayekuegeshea hotelini usimpe ufunguo bila kumweleza hilo.

Hatua ya 5: Tunza matairi kama mboni ya jicho

Tani mbili na nusu juu ya matairi membamba ubavuni, katika barabara zenye mashimo yanayojificha chini ya maji ya Aprili: hapo ndipo gari la kifahari la umeme hugharimu fedha zisizotajwa na muuzaji. Chagua rimu ndogo kuliko zote ambazo gari lako linaruhusu. Za inchi 22 zinapendeza kwenye picha, lakini ubavu mnene wa tairi ndio utakaopokea ukali wa shimo badala ya rimu. Pima upepo kila wiki, tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mlango. Nunua matairi yenye alama ya kubeba uzito huo. Ya bei nafuu yenye ukubwa ule ule lakini uwezo mdogo yatapasuka.

Gari hili halina tairi la akiba. Lina pampu ndogo na chupa ya gundi, ambayo hufaa kwa msumari na haifai kwa ubavu uliochanika. Mimi hubeba pia vidole vya raba vya kuziba pancha, vile vinavyotumiwa na mafundi wa kando ya barabara.

Jumamosi moja jioni tairi la nyuma lilitoboka kwenye Lang'ata Road, hatua chache kutoka kwa fundi wa pancha. Kijana alikuja na jeki yake ya chupa, akalala chini, akaiweka katikati ya sakafu ya gari, mahali palipoonekana bapa na imara. Niliweka mkono wangu kati ya jeki na gari kabla hajapampu. "Mzee, si hapa ndipo chasisi?" aliuliza. Hapo ndipo betri. Sakafu yote kati ya magurudumu ni boksi la betri, na jeki ikilibonyeza, bili yake haina ulinganifu wowote na pancha ya shilingi mia chache. Kuna vituo vinne vilivyotengwa kwa jeki kando ya sakafu, karibu na kila gurudumu. Vitafute mchana, uvipige picha, na uziweke kwenye simu ili umwonyeshe fundi yeyote.

Kwa sababu hiyo hiyo pita matuta polepole, na kama gari lako lina springi za upepo, liinue kabla ya kuingia njia ya murram. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na tuta refu lililojengwa na wakazi usiku hukwaruza katikati.

Gari likishindwa kabisa, lipakiwe lote juu ya lori bapa. Kuliburuta magurudumu yakizunguka chini huzungusha mota na kuweza kuiharibu. Soma karatasi ya bima yako kubwa uone kama inalipia lori la namna hiyo, kama betri imetajwa kuwa sehemu ya gari, na kama mafuriko yamo. Baada ya mvua za 2024 wengi waliisoma kwa kuchelewa.

Hatua ya 6: Waoshaji, boneti na mafundi

Kazi ya karakana ni chache: maji ya breki, kichujio cha hewa ya ndani, kipozeo cha betri, na programu za kompyuta. Hakuna oili ya injini, na mara mbili nimelazimika kumweleza hivyo mhudumu wa kituo cha petroli nilipoingia kununua maji ya kunywa.

Anayeshangaa zaidi ni mwosha magari. Wa kwetu alipapasa ukingo wa mbele, akainama, akaingia ndani kutafuta kishikio cha kufungulia, hatimaye akaniita: "Mzee, hii boneti inafunguliwa wapi?" Boneti ya iX haifunguliwi na mwenye gari, ni ya karakana. Alidhani ninamficha kitu. Nikabonyeza nembo ya BMW iliyo mbele, ikainuka, na chini yake pakatokea tundu la kumimina maji ya kioo. Aliwaita wenzake watatu waje kuona.

Wape waoshaji masharti mawili. Bomba la shinikizo lisielekezwe kwenye tundu la chaji wala karibu na sakafu ya chini kwa nguvu, na gari lisioshwe likiwa limechomekwa. Kuchaji kwenye mvua ni salama, ikiwa chaja ni ya kukaa nje na soketi haiko kwenye dimbwi.

Betri ndogo ya volti 12 ipo bado, nayo ndiyo inayofungua milango na kuamsha kompyuta. Likiegeshwa wiki kadhaa wakati wa likizo, hiyo ndogo inaweza kufa huku kubwa ikiwa imejaa. Kabla ya kusafiri, soma kitabu cha gari ujue namna ya kuingia ndani na kuliamsha hali hiyo ikitokea.

Hatua ya 7: Siku umeme unapokatika

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Wenye magari ya umeme waliolala na asilimia 60 hawakuhitaji kufanya lolote. Kanuni yangu ni kutoshuka chini ya asilimia 40 nikiwa mjini, ambayo ni zaidi ya siku 4 za kazi. Kujua mapema chaja mbili za umma karibu na njia yako, na kuzijaribu siku ambayo huna haja nazo, ni sehemu ya kanuni hiyo. Chaja iliyo kwenye ramani inaweza kuwa imezimwa, imezibwa na gari la petroli, au inataka programu ya malipo inayohitaji kusajiliwa kwanza. Ukifika, kumbuka kwamba chaja ya kasi hushuka mwendo baada ya asilimia 80. Ondoka hapo, mwachie mwingine.

Hatua ya 8: Hesabu milima kabla ya kilomita

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na karibu kila safari ndefu huanza kwa kushuka au kuishia kwa kupanda. Gari la tani 2.6 pamoja na abiria hulipa yuniti 0.7 kwa kila mita 100 za kupanda, juu ya matumizi yake ya kawaida. Likishuka hurudishiwa sehemu ya deni hilo, kamwe si lote.

Kutoka ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Limuru hadi Mai Mahiu gari linashuka zaidi ya mita 600, na betri hurudishiwa kama yuniti 2 au 3. Lakini betri iliyojaa haina pa kuziweka. Ukiondoka Limuru na asilimia 100, gari litakuambia halitajipunguza lenyewe, na breki za kawaida zitabeba tani zote mteremko mzima. Anayeishi huko juu asivuke asilimia 90 asubuhi ya safari ya kushuka.

Mombasa sasa. Ni kilomita 480 hivi. Kwa mwendo wa 100 kwa saa, bila kukimbizana na mabasi, gari linatumia karibu yuniti 21 kwa kilomita 100, yaani 101 kwa jumla. Mteremko utarudisha kiasi, na ungeweza kufika na chaji moja ukiwa na moyo mgumu. Mimi sina. Husimama Voi nile, gari nalo lile. Kurudi ndiko hesabu yenyewe inakokataa: yuniti 101, ongeza 12 za kupanda, ni 113, na betri ina 105.

Kwa hiyo ugawe mwinuko. Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 na kupanda karibu mita 600: yuniti 31 au 32, na 4 za mlima, hivyo aliyeondoka amejaa hufika na 69. Voi hadi Nairobi zinatakiwa 69 za kilomita 330 na 8 za mlima, jumla 77, na mimi hudai akiba ya 15 kwa ajili ya upepo wa mbele, mvua na msururu wa malori Mlolongo. Pengo ni yuniti 23. Kwa chaja ya kilowati 50 ni nusu saa. Kwa chaja ya ukutani ya hoteli ni saa tatu na zaidi, muda wa chakula cha mchana cha kikwetu na usingizi kidogo. Kwa soketi ya pini tatu ni saa 11 au 12, kwa hiyo lipia chumba, na kabla ya kulipia mwombe mhudumu akuonyeshe soketi ya maegesho uiguse kwa mgongo wa mkono baada ya nusu saa ya kuchaji. Ikiwa ya moto, punguza ampea kwenye mipangilio ya gari hadi 6 na ulale hadi saa sita mchana.